Nilivyomwita Mkwe Ndugu

Mikumi, Jumapili

Dada Zuhura, shikamoo.

Tembo aliye upande wa pili wa kadi hii usimwogope, hata mimi nimemwona hapo tu. Habari kubwa iko Kilosa. Huku neno "ndugu" linafanya kazi kuliko jembe. Utingo wa basi akikuita "ndugu", sogea. Dukani, "ndugu" ya upole maana yake sukari imekwisha. Na katibu wa kijiji akikwambia "ndugu" huku anatabasamu, kesho uko shamba la pamoja. Nami nikalizoea.

Basi jana nikaenda Magomeni ya huko Kilosa kuonekana kwa wazazi wa mchumba wangu Rehema, nikijua wakinikataa hakuna ndoa. Baba yake alikuwa barazani na jamaa zake. Nikanyoosha mkono: "Habari za leo, ndugu?"

Kuku waliendelea kudonoa. Mzee akautazama tu mkono wangu.

"Hilo tunaitana mkutanoni, kijana," akasema mzee. "Hapa kwangu, rudi nje ubishe hodi upya."

Nikarudi hadi njiani, nikapiga hodi. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kumbe ulilelewa."

Shangazi mtu akacheka hadi akashika ukuta. Rehema akaleta maji ya kunawa huku amejiuma mdomo, na kwenye chakula mzee mwenyewe akanisogezea firigisi. Dada, nimekubaliwa!

Nibusie watoto, na ile kanga yako mpya itunze kwa safari hii. Mzee anataka kukuona wewe, nadhani ili ahakikishe kwetu yupo mwenye adabu.

Mdogo wako akupendaye,
Saidi