Niko Nyuma Yake

3 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mimi mzima wa mwili, ila moyo una kinyongo.

Jana nilikwenda kukata leseni ya duka. Utaratibu wa pale, ukiingia unauliza, "Nani wa mwisho?" Unakaa, unamkumbuka uliyemkuta. Mimi nilimkuta mama muuza sabuni, mwenye lafudhi ya ugenini. Akaja bwana mmoja na mkoba wake, akampita waziwazi. Karani wa dirishani akacheka: "Watu wa kuja hawahesabiwi."

Nikasema, "Huyu ni wa tano, mimi wa sita. Ukimfuta yeye, mimi nimekuwa wa ngapi?"

"Basi na wewe sikuoni."

Akanirushia karatasi zangu. Ukumbi mzima ukatazama viatu. Leseni inaisha tarehe ishirini, na duka nililolianza kwa cherehani ya kuazima litafungwa.

Mwanao, Fundi


9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mguu wangu unatembea. Ulimi wako ndio unaonitia homa. Huyo muuza sabuni ni nani yako? Ulimi uliponza kichwa, na kichwa chako kina watoto wanaokitegemea. Nenda kamwombe radhi karani, ukate leseni. Ya wenzio waachie wenyewe.

Mama yako


18 Machi

Mama,

Shikamoo. Sikukujibu mapema kwa sababu sikuwa na jibu la adabu.

Leo nimerudi. "Nani wa mwisho?" Muuza sabuni akainua kidole. Nikakaa nyuma yake. Zamu yake ilipofika, karani akamruka, akaniita mimi kwa sauti ya asali: "Fundi, njoo nikumalizie shida yako."

Leseni ile pale, hatua chache tu. Nikasema, "Mimi niko nyuma ya huyu."

Akamwita kinyozi aliyenifuata. Kinyozi, ambaye mara ile alikagua viatu vyake kama anavinunua, akajikuna kidevu: "Mimi niko nyuma ya fundi."

Akamwita mzee wa magunia. "Niko nyuma ya kinyozi, mwanangu. Unataka nimruke mtu mwenye wembe?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Dirisha wazi, watu tele, na wa kuhudumiwa hakuna! Karani akapanga kalamu zake, akazipangua, mwishowe akanong'ona: "Haya, mama wa sabuni."

"Sijasikia," akasema mzee.

"Mama wa sabuni, karibu!"

Naye akafunga kilemba chake upya, taratibu kama bibi harusi, ndipo akainuka.

Leseni ninayo. Radhi sikuomba.

Mwanao, Fundi


26 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaenda kusaga mahindi. Msagaji akaliruka debe la jirani yetu, yule aliyekimbia vita kwao, akashika langu. Nikalikalia.

"Niko nyuma yake," nikamwambia.

"Mama, hata wewe, kama yule fundi wa leseni tuliyemsikia?"

"Kwani yule fundi unadhani alizaliwa na nani?"

Unga umechelewa, lakini umesagika laini.

Mama yako, wa pili kwenye foleni