Gitaa Lililotoka Ndhiwa Mapema

Jumatano, 4 Juni

Mzee Omuga tulimzika Ijumaa kwao Ndhiwa, na leo tumerudi mazoezini hapa Migori. Watu wanauliza haraka ya nini. Haraka ni yake mwenyewe! Yeye ndiye aliyezunguka mwaka mzima akichomoa kila mtu kwenye bendi yake. Alisema benga la Wajaluo likipewa umeme wa kutosha ni roki, na yeye alitaka kusikia hiyo roki kabla hajazeeka.

Kule Sori akamchomoa Oliver, anayeimba na kupiga gitaa mpaka wasichana wanasahau njia ya nyumbani. Homa Bay akamtoa Jeff na ngoma zake. Akamchukua Mochama, Mkisii wa kinanda, Msabato ambaye Ijumaa jua likizama hagusi hata kengele ya baiskeli. Halafu mimi, Robi, besi. Mkuria pekee, mwanamke pekee. Kila mmoja wetu ana bendi yenye jina, na kila mmoja amezoea kukaa katikati ya picha. Ndiyo maana bango letu halijachapishwa hadi leo! Hata jina, Ngurumo, alilichagua Omuga, kwa sababu sisi hatukukubaliana hata kuhusu rangi ya kamba za spika.

Sasa hili la leo. Oliver kaingia na gitaa jekundu la Omuga. Lile lenyewe. Tuliacha kupiga, kikabaki kinu cha posho upande wa pili kikinguruma. Jeff akamwuliza amepewa na nani. Oliver akasema Mzee alimwahidi alipokuwa mgonjwa, kwa hiyo baada ya mazishi aliingia ndani akalichukua.

"Lakini omera, vitu ya Mzee bado haijagawa," Jeff alisema.

Akaweka vijiti chini, akaenda kunywa soda. Nikamfuata. Akanieleza kwamba kwao Wajaluo mtu akifa, vitu vyake hukaa ndani ya nyumba mpaka siku jamaa wanapokutana kuvigawa. Wanaiita keyo nyinyo. Nguo, redio, kiti, jembe, kila kitu. Kabla ya siku hiyo hata mke hatoki na kifungo cha shati; anayetoka nacho, marehemu humfuata.

Nilicheka. Jeff hakucheka — Jeff, anayecheka hata gari likipata pancha!

Lakini lile gitaa, jamani. Oliver alipolipiga, vinyweleo vya mikono vilinisimama. Tukilipoteza hatuna bendi, huo ndio ukweli.

Jumapili, 15 Juni

Shoo ya kwanza, Migori, mchana kweupe. Tumetisha!

Mwanzoni mashabiki wa kila bendi walijikusanya kwenye kona yao wakipiga kelele za mtu wao. Kufika wimbo wa tatu wamechanganyika wote, wa Sori wamewabeba wa Homa Bay mabegani. Mochama alitabasamu mbele za watu. Sijawahi kuona.

Wanaume fulani tu ndio walioniudhi, nyuma kabisa karibu na choo. Hawakucheza. Hawakunywa kitu. Wa mbele ni mrefu, mikono imefungwa kifuani, na hakumtazama Oliver usoni hata mara moja. Alitazama vidole vyake juu ya zile nyuzi. Jeff aliniambia ni Ogweno, mdogo wake Omuga, pamoja na watoto wa marehemu. Waliondoka kabla hatujamaliza, bila neno. Ningependelea watukane.

Jumanne, 17 Juni

Nimezungumza na Oliver. Ni mtu wangu, kila mtu anajua isipokuwa baba yangu. Nimemwomba alirudishe, agawiwe kama wengine. Akapandisha hasira. Ogweno hajui hata kord moja, anasema, atalitundika ukutani kuku walale juu yake. Na tarehe 20 Julai tuna Homa Bay, shoo ya kurekodiwa, kamera zinatoka Nairobi. Eti nataka aende kwenye kamera na gitaa la kuazima?

Alikuwa na haki kidogo, hiyo ndiyo shida ya Oliver, siku zote ana haki kidogo.

Jumapili, 29 Juni

Sori. Naandika ovyo.

Wimbo wa pili, Oliver akasogeza mdomo kwenye maikrofoni. Cheche! Niliiona kwa macho yangu. Akaruka nyuma, akaanguka chali, gitaa limemng'ang'ania kifuani kama kupe. Mochama ndiye aliyekimbia kuzima jenereta. Oliver amepona, mdomo umevimba tu, na anasema si kitu. Midomo ilikuwa ya buluu! Nilimshika kichwa chake mapajani nikalia mbele ya Sori nzima. Nampenda. Basi, nimeandika.

Nilipoinua macho, wale wanaume walikuwa wamesimama kando ya mabanda ya dagaa wa omena. Ogweno alivua kofia. Akaivaa tena. Wakaenda zao.

Jumatatu, 30 Juni

Nimekagua jenereta mwenyewe. Waya wa ardhi ulikuwa umechomoka. Ndiyo hivyo! Umeme ukikosa njia ya kwenda chini unapita kwa mtu. Hakuna cha marehemu wala nini. Nikawaita wote nikawaonyesha, nikajiona mwalimu.

Jeff akauinua ule waya, akaniita binti wa Wakuria kwa Kijaluo. "Sawa, nyar Kuria. Na ni nani aliitoa?"

Mochama alituombea, ombi refu, zuri. Kisha akahamisha kinanda chake mpaka mwisho wa chumba.

Alhamisi, 10 Julai

Nimefanya jambo. Oliver alikuwa kwao Sori, nikachukua gitaa chumba cha mazoezi, nikapanda boda hadi Ndhiwa. Nilijiambia mimi si Mjaluo, mambo yao hayanihusu, nitaliweka tu ndani, nitasema pole, nitarudi. Kwisha!

Mama Risper, mjane wa Omuga, alikuwa uani anachambua maharagwe. Alinipokea vizuri, akaniuliza habari za barabara. Halafu akaona nimebeba nini. Akasimama, ungo ukamwagika.

"Ai yawa! Mama, usiingize hiyo. Simama hapo hapo."

Hata kibarazani hakutaka. Nikasimama katikati ya uwanja, gitaa begani, jua la saa saba. Ogweno akatoka zizini. Hakuligusa. Sauti yake ni ya chini kuliko nilivyodhani, karibu ya upole, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Mwenye alitoa ndiye anarudisha," alisema. "Wewe ukiacha hapa, ni wewe tutaita. Unataka tuite wewe?"

Nikasema sitaki. Nilisema haraka, kama mtoto.

"Basi toka nayo kwa njia ile umeingia nayo. Tunagawa vitu ya ndugu yangu tarehe ishirini, Jumapili."

Nikamwambia hiyo ndiyo siku ya shoo yetu. Akasema anajua. Wataita kila kitu kwa jina lake, mbele ya watu wote. Kitu ambacho hakipo wataita pia, pamoja na jina la mtu aliye nacho. Nikauliza, halafu inakuwaje? Akarudi zizini.

Mama Risper alinisindikiza hadi langoni, lakini mkono hakunipa. Machozi yalimlengalenga. "Hiyo gitaa ilikuwa ya huyo kijana. Mzee alisema hivyo, hata Ogweno alisikia. Si wangempea! Angengoja tu."

Njia nzima ya kurudi nilirudia maneno yale juu ya boda. Angengoja tu.

Ijumaa, 11 Julai

Oliver amejua. Ameniita mwizi. Yeye! Hatuongei.

Jumatano, 16 Julai

Tumeongea. Nilimwambia maneno ya Mama Risper jinsi yalivyo. Alikaa juu ya spika, akainamisha kichwa, nikadhani amekasirika tena — kumbe analia. Alimpenda yule Mzee kuliko baba yake, na hajamlilia tangu mazishi. Alikuwa anapiga gitaa badala ya kulia, nafikiri.

Jeff akatoa mpango. Jumapili asubuhi Oliver aende Ndhiwa na gitaa, aliweke chini mbele ya wazee, aombe msamaha, agawiwe mkononi kama mtu. Mchana awe Homa Bay. Ndhiwa si mbali! Oliver akakubali. Nimeimba nikiosha vyombo, jirani kagonga ukuta.

Jumamosi, 19 Julai

Homa Bay. Mochama yuko kanisani, atatukuta kesho. Jukwaa ni kubwa, limeelekea ziwani. Bango limechapishwa hatimaye, na aliye katikati ni Omuga. Ndiyo picha pekee tuliyokubaliana.

Lakini watu wa kamera wamebadilisha ratiba. Wanataka kupima sauti asubuhi, na bila gitaa la kwanza hawapimi kitu. Oliver akasikiliza, akatikisa kichwa kukubali, halafu akanigeukia. Ataenda Ndhiwa baada ya shoo. Jioni, au Jumatatu. "Watangoja tu, Robi. Marehemu hana haraka."

Nikamwambia aende sasa hivi, alale huko, sauti ipimwe na gitaa lolote. Nikamwambia nitakwenda naye, nitapiga magoti mbele ya Ogweno nikihitajika. Akanibusu kwenye paji la uso na kusema nimeanza kuwa Mjaluo kuliko yeye.

Jeff alikuwa anakaza ngoma zake. Aliacha kukaza.

Jumapili, 20 Julai

Naandika nyuma ya jukwaa, nimekaa kwenye sanduku la nyaya. Wapo wanenguaji wa kufungua shoo, kisha ni sisi. Watu wamejaa hadi barabarani. Waya wa ardhi uko sawa, nimeuchimbia mwenyewe na fundi akaupima mbele yangu. Umeme hauna neno. Basi hofu yote hii ni ya nini?

Mama Risper amepiga simu. Wamemaliza kugawa mapema. Nikamwuliza kuhusu gitaa.

"Waliita."

"Na Oliver?"

"Waliita pia. Wote wawili pamoja." Hakuwa analia. Akasema wamepanda lori, naye yumo, wanakuja huku, nimwambie kijana. Simu ikakatika.

Nimemwambia Oliver. Amesema waje, watasikia muziki. Lakini ameacha kula.

—

Wamefika!

Kwanza niliona koti la kijani likipita katikati ya watu, na Homa Bay nzima inalijua lile koti. Omuga hakupanda jukwaani bila hilo. Nikasimama juu ya sanduku. Ni Ogweno. Amelivaa, mikono imempita vidole. Nyuma yake kijana amevaa kofia ya Omuga. Mtoto mkubwa wa marehemu amevaa viatu vyeupe vya shoo. Shati la maua liko kwa binamu, mkanda kwa mwingine, miwani kwa mzee nisiyemjua. Mama Risper amejifunga skafu ya Mzee ya shingoni. Kila mtu amevaa alichogawiwa. Mzee Omuga mzima anatembea kuja kwetu, vipande vipande!

Watu wanawapisha bila kuambiwa. Kuna mmoja aliyekuwa anakula mahindi, ameyashusha. Wanenguaji wameacha kunengua, na mtu wa kamera amegeuza kamera kutoka jukwaani.

Sasa wamesimama mbele kabisa, mstari mmoja. Katikati ya mstari wameacha nafasi. Inatosha mtu mmoja.

Jeff amevua kofia. Mochama anasali, ila macho yako wazi. Oliver yuko hapa kando yangu, gitaa limeshachomekwa, mkono wake umeshika nyuzi zisilie. Nimemwambia alivue, tushuke wote wanne, tuwape mbele ya watu, aibu itaisha kesho. Hakukataa. Ameniuliza ni nani yule amevaa koti, na anamjua vizuri kabisa.

Mshereheshaji ametaja Ngurumo mara mbili. Hakuna aliyepiga makofi. Oliver amenishika mkono, wake ni wa baridi, ndiyo maana naandika vibaya. Anataka nimwambie kama ile nafasi waliyoiacha katikati ni ya gitaa au ni yake.