Gakuru na Gato Ndani ya Mashine Moja

Jumanne, 18 Mei 2021

Mashine imeganda tena. Mara ya ine tangu asubuhi. Na carte graphique moja, kile kipande cha mashine kinachochora picha, kusafisha video za Papa ni siku sita. Sina siku sita. Jumapili ni levée de deuil, tunavua nguo za matanga, na Mama alishaahidi familia yote ya Kibumba kwamba wataona marehemu akiongea. Nimeongeza carte ya pili, okazioni, ilishatumiwa na mutu, sura moja na ile yangu ya kwanza. Mama ameziita Gakuru, ile ya kwanza, na Gato, hii mpya, majina ya mapacha. Kila moja peke yake inafanya kazi. Pamoja zinagoma. Nina hasira.

Jumatano, 19 Mei

Nimejua. BIOS zao hazifanani, ile programu ndogo inayoamsha carte. Mwenye Gato wa zamani aliichokora akichimba pesa za internet. Mama akapita na sahani ya sombe: “Pacha mumoja hapewi kitu mwenzake akakosa. Ukivalisha huyu, valisha na yule.” Nikaona ni akili. Nikatoa BIOS ya Gakuru, nikaitia ndani ya Gato.

Gato amekufa. Écran nyeusi, hakuna picha. Na kopi ya BIOS yake sikuweka. Mupumbavu mimi! Nimelia jikoni, nikamudanganya Mama kwamba ni vitunguu.

Alhamisi, 20 Mei

Nimefungua Gato. Memoire yake, zile chipu za kumbukumbu, ni ya kiwanda kingine. Nje sura moja, tumbo mbalimbali. Nilimulisha chakula cha mwenzake. Pembeni, chini ya vumbi, kuna swichi ndogo kama punje ya mchele. Kumbe wenye kiwanda waliweka BIOS ya pili, ya akiba, ile mwenye zamani hakuichokora. Nikaisukuma. Nikawasha, macho nimefunga.

Ameamka! BIOS bado hazifanani, kila mumoja na yake, lakini sasa wanavuta pamoja. Nilipiga kelele mpaka Mama akakimbia na mwiko mkononi. Kazi imeanza saa kumi mchana; theluthi ya video nimeiacha, siku mbili zitatosha.

Ijumaa, 21 Mei

Inaendelea. Courant, umeme, haijakatika. Sisemi mengi.

Jumamosi, 22 Mei

Saa tisa alasiri. Imeisha. Nimeiweka na kwenye telefone. Papa anacheka, meno yote nje. Asante Yesu. Naenda kuoga.

Jumapili, 23 Mei

Tuko Sake, kwa dada ya Mama. Jana jioni mulima wa moto ulipasuka, mbingu ikawa nyekundu. Tulikimbia kwa miguu. Mashine imebaki, telefone kifuani. Asubuhi majirani wamepiga simu: moto umesimama, Katindo, mtaa wetu, haikufika. Nyumba iko. Wa Kibumba ni wazima, ila barabara imefungwa. Nimepumua.

Mama amesema siku ya muzee haisogezwi. Tumekaa kwenye mukeka, watu tisa, telefone moja. Papa alikuwa anaeleza namna ya kuchagua mbegu ya maharagwe. Mama akamubishia kwa sauti, vile alikuwa anafanya siku zote. Kisha akavua kitambaa cheusi, akakikunja, akaomba turudishe video mwanzo.