Wa Kudeki Tu

Kucha zake ndizo nilizoziona kwanza, zimekatwa fupi kama za mtoto siku ya ukaguzi shuleni. Yule mama mgeni, fundi wa kutengeneza vitabu vilivyochanika hapa maktaba.

Mwenzangu, nimejiharibia! Nilikuwa nadeki chumba chake, akaniita, "Mwanangu, njoo unishikie huu ukurasa." Nikashika. Yeye anapaka gundi, mimi hata sipumui.

Akanitazama. "Mkono wako umetulia. Natafuta msaidizi. Nikufundishe?"

Unajua nilimjibu nini? "Mimi wa kudeki tu, mama."

Wa kudeki tu! Ulimi huu ningeukata!

Akasema, "Haya, sikulazimishi. Nitamchukua binti wa mapokezi." Yule anayelamba kidole kila akifungua ukurasa! Na mimi nimeinama, nakamua tambara.

Sasa nimekaa kwenye ngazi, nalia kwa hasira. Usinicheke. Mimi niliishia darasa la tano, nikaogopa siku moja ataniambia nimsomee kitu kwa sauti.

Lakini naitaka kazi ile. Naitaka, mwenzangu. Sijawahi kumwambia mtu kwamba nataka zaidi ya kudeki.