Tuliisukuma Ikiwa Nzima

Mke wangu Zuhura,

Marahaba. Hapa Ilala tu wazima, na mke mwenzio, yaani bibi yako, anakusalimu kwa wivu.

Unasema pikipiki yako huko Songea inawaka ukivuta choki, ukiirudisha inazima. Kabureta hiyo, imeziba. Ifungue, upulize kile kitundu chembamba cha petroli mpaka uone mwanga upande wa pili. Usikichokonoe kwa sindano, utakipanua.

Ya kwangu ilizima hivyo hivyo Kariakoo, Jumapili moja ya miaka ile ya uhaba wa mafuta, nikimpeleka bibi yako kwa mama yangu. Mama alishaapa kwamba asipomwona siku hiyo, ananichagulia mwingine. Nikapuliza mpaka mashavu yakauma. Ikanguruma, mtaa mzima ukashangilia! Bibi yako akauliza, "Saa ngapi?"

Saa nane ilishapita, na Jumapili baada ya hapo ilikuwa marufuku kuendesha.

"Basi zima, tusukume," akasema.

Tukasukuma mpaka Ilala, tukicheka kama wehu. Mama akamtazama, jasho na grisi mpaka puani.

"Huyu nimempenda," akaniambia. "Wasiwasi wangu ni wewe."

Mumeo asiye na meno,
Babu