Shikamoo, Mwalimu

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Mazingara tu wazima, mahindi yamekubali, na babu yako bado anabishana na redio.

Unauliza utapataje rafiki huko Ujerumani, maana shuleni unakula peke yako. Nami nilipotoka hapa kwenda kusoma Korogwe nilikula peke yangu, mpaka siku nilipomwamkia msichana mmoja mrefu kwenye foleni ya ugali, "Shikamoo, mwalimu." Kumbe mwanafunzi mwenzangu, tena mdogo kwangu.

Foleni nzima ikacheka. Yeye akakaza sauti, "Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Bado, mama."

"Basi lete sahani, tukae."

Nilicheka mpaka ugali ukanipalia. Hicho Kijerumani unachokiogopa, kikosee kwa sauti, kisha uangalie nani anakusogezea kiti.

Ni mimi bibi yako.