Kimpira Kimebaki Sakafuni

Mwenzangu, uko hapo?

Si nilikwambia leo naunganisha mwenyewe ule waya wa pikipiki unaotoka kwenye betri? Nimeuunganisha. Nimeusokota, nimeulehemu, nimeuvuta kwa nguvu zote, haukuachia. Mume wangu kautazama, kasema, "Mke wangu fundi wa mafundi!" Kapanda, huyoo, kaenda zake kazini.

Narudi kufagia pale, naona nini? Kimpira! Kile cha kufunika kiungo, unachokivisha kwenye waya KABLA ya kuunganisha. Kiko sakafuni, kinanitazama.

Yaani waya uko uchi. Uchi, chini ya tangi la petroli!

Nampigia, hapokei. Nampigia tena, hapokei. Nazunguka chumba na kandambili mguu mmoja.

Nikampigia fundi wa njia panda, nikamsihi akimwona amsimamishe. Akashusha sauti. "Shemeji, yupo hapa, anaogopa kupokea simu yako. Kaja moja kwa moja kutoka kwenu. Kasema nikague kazi yako, ila nisikwambie."

Nisikwambie!

"Kulehemu umelehemu vizuri, shemeji. Ni kimpira tu."

Fundi wa mafundi, mwenzangu! Kanisifu usoni, kumbe moyoni keshaamua kazi yangu ikakaguliwe.

Na kinachoniuma zaidi: angeniamini kweli, sasa hivi ningekuwa nalia kilio kingine.

Sasa nimshukuru au nimnunie? Jibu haraka, nasikia honi yake nje.